Acheni Kutundika Ufunguo Mlangoni!

 

Najua wengi wenu mkifungua ukurasa huu mnatafuta bei za viatu, habari za Maonyesho ya Canton au vituko vya Xiaobei. Leo hakuna viatu. Leo nimekuja na ugomvi, na ugomvi wenyewe ni wa kompyuta. Kina shangazi na kina mama wadogo, tafadhali msikimbie! Mwisho wa ugomvi huu ni mizigo yenu na namba zenu za simu, kwa hiyo kaeni tuzungumze. Nitaeleza taratibu, na atakayekwama amuulize kijana wake aliyesomea kompyuta. Kijana akianza kujiumauma, basi huyo ndiye ninayemtafuta.

Kisa chenyewe ni hiki. Mama wa Kariakoo ananunua vitambaa hapa, anaacha marobota yake kwa wakala wa mizigo, anapanda ndege anarudi nyumbani. Wakala anaandika: jina lake, namba ya simu, marobota mangapi, CBM ngapi, yameingia kontena gani, amelipa kiasi gani na anadaiwa kiasi gani. Zamani hayo yote yalikaa kwenye daftari la karatasi. Siku hizi yanakaa kwenye kanzidata, yaani daftari kubwa ndani ya kompyuta. Daftari hilo lina mlango, mlango una kufuli, na kufuli linafunguliwa kwa neno la siri.

Sasa, kila usiku kompyuta inatakiwa inakili daftari zima na kuweka nakala pembeni, ndiyo tunaita bekapu. Lakini saa nane za usiku ofisini hakuna mtu wa kukaa pale aandike neno la siri. Nani atafungua mlango? Hapo ndipo vijana wetu wanapokata kona. Wanaliandika neno la siri ndani ya amri yenyewe, amri wanaiweka kwenye faili, yaani skripti, kompyuta wanaiagiza iwe inaiendesha kila usiku, halafu wao wanakwenda kulala. Wao wanasema kazi inajiendesha yenyewe. Mimi nasema wamefunga mlango kisha wakatundika ufunguo kwenye komeo.

Nimelisema hili hapa mjini mpaka mate yamekauka, na jibu ni lilelile: "Wewe unaogopa kivuli chako." Haya basi, naandika hapa kwangu, ambapo hakuna wa kunikatiza.

Tuanze na amri yenyewe. Wengi wanatumia MySQL au ndugu yake MariaDB, kwa sababu ni za bure. Amri yao huwa hivi:

mysqldump -u root -pKariakoo2009 mizigo > mizigo.sql

(Hiyo Kariakoo2009 nimeibuni mwenyewe, msiende kuijaribu kwa jirani.) Kwa lugha ya mtaani amri hiyo inasema: "Mimi ni root, mkubwa wa wote humu ndani, neno langu la siri ni Kariakoo2009, nipe daftari lote la mizigo nilimwage kwenye faili." Inafanya kazi, sibishi. Tena inafanya kazi vizuri sana, na ndiyo maana hakuna anayeitilia shaka.

Tatizo ni kwamba kwenye Linux amri inayoendelea kufanya kazi haina siri. Mtu yeyote mwenye akaunti kwenye kompyuta ile, hata mdogo kuliko wote, akiandika ps aux anaonyeshwa orodha ya kazi zinazoendelea, za kwake na za wenzake, pamoja na maneno yaliyoandikwa kwenye kila amri. Ndivyo mfumo ulivyo kwa kawaida yake, mpaka msimamizi aubane kwa makusudi. Ni sawa na kufika kwenye dirisha la benki ukamtajia karani namba yako ya siri kwa sauti ya mpiga debe wa Ubungo. Karani amesikia, sawa. Na foleni nzima je?

Mafundi wa MySQL walijaribu kupunguza aibu. Programu yao ikishaanza kazi huwa inalifuta neno lile lisionekane kwenye orodha. Lakini wao wenyewe wanakiri kwenye mwongozo wao kwamba kuna kipande kifupi cha muda, kabla ya kufutwa, ambapo linaonekana. Kifupi kwa binadamu, jamani! Kwa programu iliyotegwa kuchungulia mfululizo kinatosha kabisa, na hasa kama bekapu yako inaanza dakika ileile kila usiku wa Mungu.

Na hiyo ni njia moja tu ya kuvuja. Ukiijaribu amri hiyo kwa mkono, inabaki kwenye faili la .bash_history, linalotunza ulichoandika. Skripti ikikaa kwenye folda inayosomwa na kila mtu, kila mtu anasoma. Ikinakiliwa kwenye flashi, ikitumwa kwa WeChat, ikihamishiwa kwenye seva mpya, neno la siri linasafiri nayo. Ikipandishwa GitHub, hata ukiufuta ule mstari kesho yake, neno linabaki kwenye historia, maana kazi ya chombo kile ni kukumbuka kila kilichobadilishwa. Mwisho wa mwaka neno moja liko mahali kumi, na hakuna mtu hata mmoja ofisini anayeweza kuzitaja sehemu zote kumi. Hiyo bado mnaiita siri?

Kitu kinachonikera zaidi ni hiki. Tangu toleo la 5.6, lililotoka 2013, MySQL yenyewe inalalamika. Ukiandika neno la siri kwenye mstari wa amri inakupa onyo kwamba jambo hilo linaweza lisiwe salama. Mngedhani vijana watasikia. Wapi! Walichofanya wengi ni kuongeza hiki mwishoni mwa amri:

2>/dev/null

Maana yake: "Malalamiko yote yatupwe shimoni, nisiyaone." Yaani mlinzi amepiga kelele kwamba mlango uko wazi, na mwenye nyumba badala ya kufunga mlango amemziba mlinzi mdomo.

Na ubaya hauishii hapo, kwa sababu makosa yote ya kweli hupita njia hiyohiyo ya malalamiko. Siku neno la siri likibadilishwa kwenye kanzidata na asikumbuke mtu kulibadilisha kwenye skripti, mysqldump inakataliwa mlangoni, inalalamika, malalamiko yanakwenda shimoni, na faili la bekapu linatengenezwa likiwa tupu. Kesho yake tupu tena. Jina sahihi, tarehe sahihi, ndani hewa. Nimeona kwa macho yangu kwenye ofisi moja ya hapa mjini, sitaitaja: mafaili ya miezi minne, yote baiti sifuri, yamejipanga kama askari wa gwaride. Bahati yao diski ilikuwa bado nzima. Ingekufa wiki ile, kina mama wangeulizwa, "Mzigo wako ulikuwa marobota mangapi?" na jibu lingekuwa neno la mama dhidi ya neno la wakala.

Sasa tuje kwenye visingizio, maana ndivyo hasa nilivyokuja kupigana navyo.

Cha kwanza: "Sisi wadogo, nani atatutafuta?" Ndugu yangu, hakuna anayekutafuta kwa jina. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikijaribu kila mlango na kuchakura kila kilichopandishwa hadharani. Programu haiulizi kampuni yako ina makontena mangapi. Inajaribu, mlango ukifunguka inaingia.

Halafu hebu tuulizane, hivi aliye mdogo ni wewe au wateja wako? Huko nyumbani nani hajawahi kupata ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Mnaucheka, mnaufuta, kwa sababu mwizi amerusha jiwe gizani, hakujui na hujui anazungumzia hela gani. Sasa mwizi huyohuyo mpe daftari la wakala wa mizigo. Atampigia mama mdogo simu, atamwita kwa jina, atamwambia, "Mama, marobota yako saba ya vitambaa yamefika bandarini, lile deni lako la laki nne na nusu limalize leo kwenye namba hii kabla kontena halijaanza kulipiwa hifadhi." Kila alichosema ni kweli isipokuwa namba. Nani hapo atakayecheka? Mimi mwenyewe ningetuma!

Mwone mnyororo ulivyo: aliyeandika neno la siri kwenye skripti yuko Guangzhou anakula tambi, aliyelipa yuko Kariakoo. Hiyo ndiyo hoja yangu yote kwa ufupi. Njia ya mkato ya fundi ni deni, na deni lenyewe anaandikiwa mtu mwingine ambaye hakuulizwa.

Kisingizio cha pili: "Seva ni yetu peke yetu, nani ataandika hiyo ps?" Peke yenu kweli? Hesabuni. Kuna yule fundi wa zamani aliyeondoka kwa ugomvi, akaunti yake bado ipo. Kuna kijana wa hesabu. Kuna tovuti ya kampuni inayoendeshwa kwenye seva hiyohiyo, na tovuti hiyo nayo inaendeshwa na mtumiaji wake ndani ya mfumo. Tovuti ikiwa na tundu, na tovuti ambazo hazijaguswa miaka mitatu huwa na matundu, mvamizi anaingia kama yule mtumiaji wa tovuti, mnyonge asiye na ruhusa ya maana. Jambo la kwanza atakalofanya ni kutazama huku na huku: kazi gani zinaendelea, mafaili gani yanasomeka. Ameingia kupitia dirisha la jikoni, hana hata kisu, nanyi mmemwachia mezani ufunguo wa kasha.

Cha tatu: "Mimi nimelificha, nimelibadilisha kwa base64." Hapa huwa nacheka. Mnakumbuka tulivyokuwa wadogo tukisema kinyume ili wakubwa wasielewe? Wakubwa walikuwa wanaelewa kila kitu, nao walikuwa watoto zamani. Base64 ni kinyume cha kompyuta. Amri moja fupi inakigeuza, na mwenye skripti mkononi tayari ameonyeshwa jinsi ya kukigeuza, kwa sababu skripti yenyewe inafanya kazi hiyo kila usiku.

Cha nne kina akili kidogo, na nakiheshimu: "Hata ukiliweka kwenye faili lake, bado ni maandishi tu. Tofauti iko wapi?" Tofauti ni kwamba faili lina mwenyewe, na mfumo unamjua mwenyewe. Ukiandika chmod 600, faili hilo halisomwi na mwingine ila mwenye faili, na root wa kompyuta ambaye hata hivyo anasoma kila kitu. Orodha ya kazi haikuwekwa iwe kabati la siri. Ilikuwepo ili watu waone nini kinaendelea. Kuweka fedha sandukuni na kuweka fedha uchochoroni si sawa, hata kama zote ni noti. Na zaidi ya hapo, siri ikikaa mahali pamoja, siku ya kuibadilisha unabadilisha mahali pamoja.

Wale wanaodhani mambo haya ni ya vibanda vya Waswahili, hebu tuwatazame wakubwa. Uber mnaijua, ya kuitia teksi. Mwaka 2014 ufunguo wa ghala lao la data uliachwa hadharani GitHub ukiwa umeandikwa ndani ya msimbo, na taarifa za madereva wao zikachukuliwa. Mngedhani wameshika adabu. Mwaka 2016 watu wakaingia kwenye hifadhi ya msimbo wa mafundi wao, safari hii ya faragha, wakakuta tena ufunguo umeandikwa humo, wakaondoka na taarifa za abiria na madereva milioni 57. Kampuni ikawalipa dola 100,000 wanyamaze, umma ukaambiwa Novemba 2017, na mwaka 2018 wakakubali kulipa majimbo ya Marekani dola milioni 148. Mwaka 2022 wakavamiwa tena, na kwa maelezo ya mvamizi mwenyewe, alikuta kwenye folda ya pamoja ya ofisi skripti iliyoandikwa ndani yake jina na neno la siri la msimamizi, la mfumo uleule unaotunza maneno ya siri ya wengine wote!

Kampuni yenye mafundi maelfu na fedha za kumwaga. Kwa hiyo msiniambie kwamba tatizo ni elimu au umaskini. Tatizo ni mazoea, na mazoea hayatoki kwa fedha.

Na hapa China? Mwishoni mwa Juni 2022 mtu asiyejulikana alitangaza mtandaoni kwamba anauza data za polisi wa Shanghai: watu bilioni 1 kwa madai yake, terabaiti zaidi ya 23, bei bitcoin 10. Alitoa sampuli, waandishi wa habari wakawapigia simu baadhi ya waliomo, wakakiri kwamba ni wao. Changpeng Zhao, aliyekuwa mkuu wa Binance wakati huo, alisema chanzo ni fundi mmoja wa serikali aliyeandika makala ya kiufundi kwenye CSDN, ukurasa wanaopenda mafundi wa Kichina, akasahau kuondoa humo jina na neno la siri. Watafiti wengine walisema dirisha la kuingilia kanzidata hiyo lilikuwa wazi mtandaoni bila neno la siri lolote, kwa zaidi ya mwaka. Chagueni mnayoitaka. Kwangu zote mbili ni hadithi moja: mtu alitaka kazi iende, akaacha mlango.

Sisi wageni hapa tunalijua vizuri daftari la polisi. Ukihamia nyumba unatakiwa ujiandikishe ndani ya saa 24, pasipoti, viza, anwani, simu. Hakuna anayekuuliza kama unaamini mafundi wao. Ndivyo ilivyo pia kwa mama wa Kariakoo mbele ya wakala wa mizigo: anatoa jina na simu kwa sababu bila hivyo mzigo hauendi. Mtu aliyekupa siri yake kwa kulazimika anastahili uangalifu mkubwa kuliko aliyekupa kwa hiari yake.

Najua mtasema, "Umelalamika vya kutosha, dawa iko wapi?" Dawa ipo, haina bei, na inachukua muda mfupi kuliko kuchemsha maharage. Wadogo zangu mnaosomea mambo haya, kalamu mkononi.

Moja, acheni kutumia root kwa bekapu. Tengenezeni mtumiaji wa kazi hiyo tu, mwenye ruhusa ya kusoma na zile chache ambazo bekapu inazihitaji, anayeruhusiwa kuingia kutoka kwenye seva hiyohiyo basi. Mlinzi wa usiku hapewi sahihi ya benki. Ndiyo, neno lake likivuja mwizi atasoma daftari, hilo ni baya, lakini hataweza kulifuta wala kubadilisha deni la mtu.

Mbili, neno la siri litoke kwenye amri liingie kwenye faili lake, lenye chmod 600, nje ya folda za tovuti na nje ya GitHub. Kwa MySQL faili hilo lina mistari mitatu:

[client]
user=bekapu
password=neno_refu_lisilo_la_mtaani

Na amri inakuwa:

mysqldump --defaults-extra-file=/home/bekapu/.mizigo.cnf mizigo > mizigo.sql

Hiyo --defaults-extra-file ikae mwanzo kabisa, la sivyo inakataa. Sasa ps ikionyesha, inaonyesha jina la faili, na jina la faili halifungui kitu. Wenye PostgreSQL wao wana faili la .pgpass, na PostgreSQL ni mkali: ukiliacha linasomeka na wengine, inalipuuza kabisa mpaka ulifunge. Napenda ukali huo. MySQL haikulazimishi hivyo, kwa hiyo jilazimishe.

Kuna pia mysql_config_editor inayolihifadhi neno la siri likiwa limefumbwa. Itumieni mkitaka, ila mjue ni fumbo dogo la kuzuia macho ya mpita njia. Ulinzi bado ni ruhusa za faili. Na wale wa kuweka neno la siri kwenye vigezo vya mazingira, MYSQL_PWD na PGPASSWORD, someni miongozo yenu: yote miwili inawaonya.

Tatu, na hii ndiyo naipenda kuliko zote: kama skripti na kanzidata viko kwenye kompyuta moja, mnaweza kuachana na neno la siri kabisa. PostgreSQL ina njia inaitwa peer, MySQL ina auth_socket, MariaDB ina unix_socket, na tangu toleo la 10.4 la 2019 root wa MariaDB anawekewa njia hiyo tangu siku ya kwanza. Kanzidata inamuuliza mfumo wa kompyuta, "Huyu anayebisha ni nani?" Mfumo unajibu, "Ni bekapu, namjua." Mlango unafunguliwa. Mlinzi anamjua mtu kwa sura, hakuna neno la kunong'ona, na kisichoandikwa hakiibiwi.

Nne, ondoeni ile 2>/dev/null. Acheni skripti ilalamike, na malalamiko yamfikie mtu. Na bekapu yenyewe mara kwa mara ifungueni mwone kama kuna kitu ndani, kisha mkumbuke kwamba faili lile nalo ni daftari zima. Kulinda mlango wa kanzidata halafu mizigo.sql ikae kwenye folda ya tovuti ni kufunga geti na kuacha ukuta umebomoka.

Tano, lile neno la siri la zamani libadilisheni leo. Lilishasemwa kwa sauti miaka yote hii, nanyi hamjui nani alikuwa kwenye foleni.

Nimewabana sana vijana, lakini sasa nigeukie mabosi, maana ndio wanaostahili fimbo kubwa. Kijana analipwa kwa kazi "kwenda". Bosi hajawahi kumuuliza inakwendaje. Bosi huyohuyo ndiye aliyemkabidhi neno moja la root linalotumiwa na ofisi nzima, lilelile la Wi-Fi, lilelile la kamera. Kijana akiomba nusu siku ya kurekebisha, anaambiwa kontena linafungwa kesho, hayo baadaye. Siku daftari likivuja, kijana anafukuzwa na bosi anaandika ujumbe wa pole kwenye kundi la WhatsApp la wateja. Bosi, pole yako haimrudishii mama laki nne na nusu!

Tena siku hizi si suala la hisani tena. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, pamoja na Tume yake. China ina yake tangu Novemba 1, 2021. Zote zinamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Wakala mwenye ofisi Guangzhou na wateja Dar es Salaam na Nairobi hana pa kukimbilia akisema hakujua.

Kwa hiyo nyumbani huko nawaomba jambo moja tu. Ninyi ndio wenye mizigo, ninyi ndio wenye sauti. Mkienda kwa wakala msiulize bei ya CBM peke yake. Ulizeni: "Daftari lenye jina langu analifungua nani? Kompyuta ikijifungulia yenyewe usiku, ufunguo wake unakaa wapi?" Bosi atacheka, atasema wewe mama unajuaje mambo haya. Mwambieni mmesoma mahali. Akiulizwa na mteja mmoja atapuuza, akiulizwa na kumi atamwita kijana, na kijana atapata ile nusu siku yake.

Na simu ikija, hata mpigaji akiwataja kwa jina na idadi ya marobota, msitume kitu. Kateni, mpigieni wakala kwa namba mnayoijua siku zote.

Wenye kubisha karibuni kwenye maoni hapo chini, mradi mje na hoja. "Sisi wadogo" nimeshaijibu. Wasalimieni wote, na mzee mwambieni redio yake imepakiwa.